Nani Alipe? Fidia ya Mali ya Mwanafunzi, Kutoka Mji wa Mzee Hata Bwenini

Katika mwaka wa 1934 kijana Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alitoka kwao Butiama akaenda kusoma katika shule ya bweni ya Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa maili 26 hivi. Safari ile imeandikwa mara nyingi kwa sababu ya mambo makuu yaliyoifuata. Walakini lipo jambo moja katika safari za namna ile ambalo halikuangaliwa sana. Mtoto aliyetoka katika mji wa baba yake, akaingia katika chumba kimoja na watoto wa Wajita, Wakwaya, Waruri, Waikizu na Wakuria, alivuka mpaka wa sheria bila ya kujua. Nyumbani, akivunja chungu cha jirani, kila mtu alijua nani atajibu. Bwenini, akivunja taa ya mwenzake, swali lilibaki hewani: nani alipe?

Swali hilo laonekana dogo. Taa, daftari, blanketi, sanduku la bati: hivi si vitu vya kuandikiwa historia. Lakini kwa mtoto wa mvuvi wa Majita sanduku lile ni mali yake yote duniani, na kwa baba wa yule aliyeliharibu gharama ya kulirudisha yaweza kuwa mapato ya majuma kadhaa. Tena katika jambo hili dogo huonekana wazi jambo kubwa, yaani nani ana mamlaka juu ya mtoto, na je, mwenye mamlaka ndiye mwenye deni?

Yafaa kuanza na nyumbani. Katika Mara neno "mji" halina maana ya jiji tu. Ni makao ya mzee mmoja, pamoja na wake zake, watoto wake, zizi lake na ghala zake. Mali ya mji ilikuwa chini ya mzee. Kijana asiyeoa alichunga ng'ombe wa baba, alilima shamba la mji, na samaki aliowavua waliliwa katika mji. Hakuwa na mali ya kwake ambayo mtu angeweza kuidai. Basi alipoharibu kitu cha mtu mwingine, aliyedaiwa ni baba, wala hapakuwa na ajabu, kwa maana aliyepokea faida ya kazi ya kijana ndiye aliyechukua hasara ya upuuzi wake.

Kanuni hiyo haikuwa ya Mara peke yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aeleza kwamba kwa Wakikuyu fidia ya mwanamume aliyeuawa ilikuwa mbuzi na kondoo 100, au ng'ombe 10, na kwamba mzigo huo ulikuwa wa ukoo mzima. Hapo jambo lilikuwa damu, si taa. Lakini msingi ni ule ule. Mtu hakusimama peke yake mbele ya deni, na shabaha ya kwanza ya baraza haikuwa kumtesa mkosaji. Ilikuwa kuziba pengo lililofanyika kwa aliyekosewa, ili watu wawili wanaokutana kila siku kisimani na malishoni waweze kutazamana tena.

Katika nchi kama ya Wazanaki, ambao kabla ya utawala wa kigeni hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima, shabaha hiyo ilikuwa na uzito zaidi. Pasipo askari wala jela, amani husimama juu ya malipano. Asiyelipa hakujenga uadui na mtu mmoja tu, bali na ndugu zake wote.

Pwani palikuwa na jibu jingine, nalo lastahili kuangaliwa kwa makini, maana aghalabu hudhaniwa kwamba Afrika Mashariki nzima ilikuwa na jibu moja. Katika sheria ya Kiislamu mtoto mdogo hana dhambi kwa kuharibu mali ya mtu, lakini mali iliyoharibika haikosi dhamana kwa sababu hiyo. Dhamana iko katika mali ya mtoto mwenyewe, kama vile aliyorithi au aliyopewa. Majalla, mkusanyo wa sheria uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, yasema wazi kwamba mtoto akiharibu mali ya mwingine fidia hutoka katika mali yake. Kama hana, hungojewa mpaka awe na uwezo. Na walii wake halazimishwi kulipa kutoka mfukoni mwake.

Tofauti ya majibu haya mawili haitokani na wema au ukali wa watu. Yatokana na hali ya mali. Pwani mtoto aliweza kuwa na minazi yake, au sehemu yake katika nyumba, tangu siku ya kufiwa na mzazi. Bara, katika mji wa mzee, mtoto hakuwa na chake. Kila sheria ilikwenda kudai pale mali ilipo.

Liko pia jambo la namna ya kulipa. Imepokewa katika hadithi za Mtume kwamba bakuli la mke mmoja lilivunjwa nyumbani kwa mke mwingine. Bakuli zima likatolewa katika nyumba ya aliyevunja likapelekwa kwa mwenye haki, na kile kilichovunjika kikabaki kwa mvunjaji. Hapakuwa na faini wala kipigo. Kitu kilirudishwa kwa kitu cha aina yake, na vipande vikabaki kama ukumbusho katika nyumba ile iliyokosa.

Utawala wa Kiingereza ulileta jibu la tatu. Kwa amri ya mwaka 1920 sheria za Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka huo, zilifanywa kuwa msingi wa mahakama za Tanganyika pale ambapo hapakuwa na sheria nyingine iliyotungwa. Katika sheria hizo baba halipi deni la makosa ya mwanawe kwa sababu tu ya kuwa baba. Mtoto mwenyewe aweza kushtakiwa, ingawa ushindi dhidi ya mtoto asiye na senti ni ushindi wa karatasi. Baba hudaiwa pale tu ambapo yeye mwenyewe alizembea.

Kesi ya Bebee na Sales, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1916, yaonyesha jambo hilo. Kijana wa miaka 15 alipewa na baba yake bunduki ya upepo. Alivunja dirisha la jirani kwa bunduki ile, na baba akaahidi kuiharibu, lakini hakufanya hivyo. Baadaye kijana akamjeruhi mtoto mwingine jicho. Baba alilipa, si kwa sababu alikuwa mzazi, bali kwa sababu alikwisha kuonywa na dirisha asionyeke. Katika kesi ya Donaldson na McNiven ya mwaka 1952 baba aliyekuwa amempa mwanawe bunduki ya namna hiyo kwa sharti aitumie ndani ya nyumba tu hakulazimishwa kulipa, ingawa mwana alivunja sharti na kumjeruhi mwenzake. Mahakama iliona kwamba baba alifanya hadhari ya kutosha.

Kwa upande wa shule, kesi ya Williams na Eady ya mwaka 1893 iliweka kipimo kilichofuatwa kwa miaka mingi: mwalimu atazame wanafunzi kama mzazi mwangalifu awatazamavyo watoto wake. Katika kesi hiyo mwalimu aliacha dawa ya hatari ya fosforasi mahali ambapo watoto waliweza kuifikia; mmoja akaichezea, mwingine akaungua. Aliyelipa alikuwa mwalimu, wala si mtoto aliyechezea.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika Wabelgiji walifuata njia ya Kifaransa. Sheria ya madeni ya Kongo ya tarehe 30 Julai 1888, inayofuata mfano wa sheria za Ufaransa za mwaka 1804, yasema kwamba wazazi wana dhamana juu ya watoto wadogo wanaokaa nao, na walimu wana dhamana juu ya wanafunzi wao kwa muda wote walio chini ya uangalizi wao. Hapa mtoto anapotoka mkononi mwa baba, deni nalo lahama pamoja naye. Ufaransa yenyewe ilipoona kwamba mzigo huo waweza kumwangamiza mwalimu maskini, ilitunga sheria mwaka 1899 iliyoiweka Serikali mahali pa mwalimu wa shule za umma.

Basi, katika eneo moja la maziwa na pwani, majibu manne yaliweza kusikika kwa swali moja. Mzee wa Mara angesema baba alipe. Kadhi angesema mali ya mtoto ilipe. Hakimu wa Kiingereza angeuliza ni nani aliyezembea. Hakimu wa Kongo angeuliza mtoto alikuwa mikononi mwa nani saa ile.

Walakini shule za bweni za Tanganyika hazikufuata hata moja ya majibu hayo. Kwa kawaida zilifuata fimbo. Mtoto aliyevunja taa ya mwenzake aliitwa, akaadhibiwa, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha. Hii ndiyo sehemu yenye uzito zaidi katika historia hii, maana yaonyesha namna fidia ilivyogeuka kuwa adhabu. Mabadiliko hayo hayakutokea shuleni peke yake. Hata katika mahakama za wenyeji, zilizopangwa upya kwa sheria ya mwaka 1929, faini iliyoingia katika hazina ilichukua polepole nafasi ambayo zamani ilikuwa ya ng'ombe aliyeingia katika zizi la aliyekosewa. Serikali ilijiona kuwa ndiyo iliyokosewa. Mwenye mali akawa shahidi tu.

Fimbo nayo iliwekewa mipaka kwa kanuni. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 1979, na baadaye za mwaka 2002, zilieleza idadi ya viboko, nani aruhusiwe kuvitoa, na kwamba viandikwe katika kitabu. Zile za 2002 ziliruhusu visizidi 4. Mjadala wa kama viboko vyafaa au havifai umekuwa mrefu, lakini mara nyingi umesahau mtu mmoja, yaani mwenye taa. Mwenzake apigwe viboko 4 au asipigwe, yeye usiku ule hana mwanga wa kusomea. Kiboko hakimrudishii mtu daftari. Zaidi ya hayo, chamfundisha mkosaji kwamba deni lake lilikuwa kwa mwalimu, na kwamba amekwisha kulilipa kwa maumivu; kwa hiyo hana sababu ya kumtazama mwenzake usoni.

Lilikuwapo pia jibu la tano, nalo latoka katika historia ya mifugo. Katika nchi za wafugaji, ng'ombe walipoibwa, nyayo zilifuatwa. Pale nyayo zilipopotelea, wenyeji wa mahali pale walitakiwa ama wazionyeshe zinakoendelea, ama walipe. Desturi hiyo ilikuwa na hekima yake, kwa kuwa majirani huona mengi wasiyoyasema. Serikali za kikoloni ziliichukua na kuikuza mno. Kenya ilitunga sheria ya adhabu ya pamoja mwaka 1909, na sheria ya wizi wa mifugo ya mwaka 1913 iliruhusu faini ya mara 10 ya thamani ya mali iliyoibwa. Mzigo ulioanza kama wajibu wa ujirani ukawa silaha ya mtawala.

Bweni nalo lina nyayo zake. Kitu kimeharibika usiku, hakuna anayesema, na asubuhi hutolewa amri: bweni zima lilipe. Mithali yasema samaki mmoja akioza huoza wote, na amri hiyo huonekana kama imetoka katika mithali yenyewe. Lakini iko tofauti. Majirani wa malishoni walikuwa watu wazima wenye mali, waliokaa pamoja kwa hiari na kwa vizazi, na waliokuwa na uwezo wa kumshurutisha mwizi. Watoto 40 wa bweni wamewekwa pamoja na orodha ya majina. Aliyelala hakuwa mlinzi, na mdogo hana nguvu ya kumtaja mkubwa. Kumlipisha mtoto wa mjane kwa kosa la usiku asilolijua si ushirikiano. Ni kumwambia kwamba unyofu wake hauna thamani.

Uhuru ulipokuja, swali halikujibiwa kwa sheria mpya. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa Serikali mwenye asili ya Austria, alikuwa amekwisha kuandika sheria za Wahaya pamoja na Hartnoll mwaka 1945, na za Wasukuma mwaka 1953. Kazi yake ya kuunganisha mila ilitangulia matangazo ya sheria za kimila ya mwaka 1963. Matangazo hayo yalishughulika hasa na mahari, ndoa, talaka, hali ya watoto, ulinzi wao, mirathi na wosia. Kitu cha mtoto kilichovunjwa na mtoto mwenzake hakikuwa shabaha yake. Mwaka huo huo utemi uliondolewa kwa sheria, na mahakama zikaunganishwa. Mabaraza yaliyokuwa yakiamua mambo madogo ya jirani na jirani yakapoteza kiti chao. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 ilijaribu kurudisha sehemu ya kazi hiyo, kwa kutanguliza usuluhishi, lakini lango la shule ni nadra kuvukwa na baraza la kata.

Wakati huo huo swali lilikuwa likipanuka. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kila shule iwe jamii inayofanya kazi na kula jasho lake. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Kwa hiyo mji ule ule uliowapokea watoto wachache wa watemi katika miaka ya 1930 ukawa mahali pa kuamuliwa kwamba mtoto wa kila mtu aingie darasani. Hayo yalikuwa mapinduzi ya heri. Lakini yalikuwa na maana pia kwamba watoto wa hali zote waliketi dawati moja: yule ambaye baba yake aweza kununua kalamu nyingine jioni ile ile, na yule ambaye kalamu yake ndiyo ya muhula mzima.

Katika shule za bweni za baadaye liliingia jambo jingine, yaani fedha za tahadhari. Mzazi hutoa kiasi fulani mtoto anapoanza, ili kiti au kioo kikivunjika pawe na pa kuchukua. Hapo shule ilikiri kwamba adhabu haitoshi, na kwamba hasara hutaka fidia. Lakini ilikiri kwa ajili ya mali yake yenyewe. Kiti cha shule kina dhamana. Miwani ya mwanafunzi haina. Na tangu ada ya sekondari ya chini ilipoondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na ile ya kidato cha 5 na 6 kuanzia mwaka 2022, imekuwa vigumu zaidi kuomba mchango wowote kwa wazazi, hata kwa jambo la haki.

Je, historia hii yatoa jibu gani? Yatoa kwanza onyo, kwamba hakuna jibu moja lililodumu mahali pote. Lakini chini ya majibu yote pana uzi mmoja. Mzee wa Mara alilipa kwa sababu kijana alikuwa chini yake. Sheria ya Kongo yamdai mwalimu kwa sababu saa ile mtoto yuko chini yake. Hata mahakama ya Kiingereza, ijapokuwa hukataa kumlipisha baba kwa jina tu, humlipisha mtu aliyekuwa na uwezo wa kuzuia asizuie. Mamlaka na deni vilikwenda pamoja. Bweni ndilo lililovitenganisha: likachukua mamlaka yote ya baba, saa 24, muhula mzima, na likamwachia deni baba aliye mbali asiyejua lililotokea.

Ikiwa hivyo ndivyo, kutenda haki ni kuviunganisha tena. Mwenye mali asingoje hukumu ya nani alimsukuma nani. Shule, iliyomweka pamoja na wenzake, imrudishie kwanza kitu chake au mfano wake, kutoka katika fedha ya tahadhari itakayolinda mali ya wanafunzi sawasawa na mali ya shule. Baada ya hapo ndipo iulizwe habari ya aliyeharibu, na hapo hadhari ni lazima, kwa kuwa makosa si ya namna moja. Aliyeazima kitu kwa ruhusa kikavunjika alikichukua mikononi mwake, naye ana wajibu wa kukirudisha kizima. Aliyekivunja katika mchezo ambao wote wawili waliucheza ana nusu ya kosa. Aliyekivunja kwa hasira ana deni lote, na baba yake apaswa kuitwa asikie.

Watu wengine watasema kwamba shule ikilipa, watoto watazoea uharibifu. Hoja hiyo ina uzito, na mithali yasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Lakini kuilipa hasara si kumsamehe aliyeifanya. Mtoto hana fedha, ana mikono. Aweza kushona daftari, kupiga rangi sanduku, kufanya kazi katika bustani ya shule mpaka thamani irudi, na kumwomba mwenzake radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Kumlipisha baba peke yake kwamwacha mtoto nje ya kosa lake. Kumchapa mtoto peke yake kwamwacha mwenye mali nje ya haki yake.

Wengine watasema kwamba shule hazina fedha. Ni kweli, na Wafaransa waliliona hilo kwa walimu wao, wakaihamishia Serikali mzigo mwaka 1899. Nchi iliyoamua huko Musoma kwamba kila mtoto asome imekwisha kuchukua mamlaka juu ya watoto wote. Haiwezi kushangaa ikiambiwa kwamba imechukua na sehemu ya deni lao. Taa ya mtoto mmoja ni gharama ndogo. Mtoto anayekaa gizani usiku kucha kabla ya mtihani, naye ajua ni nani aliyeivunja, na ajua kwamba wote wamekwisha kulisahau, hujifunza humo somo ambalo halikuandikwa katika muhtasari wowote: kwamba aliyepoteza ni juu yake. Wazee wa miji ya Mara, pasipo jela wala hazina, walikataa kuwafundisha watoto wao somo hilo.